Ardhi kwa Ajili ya Watakaokuja Baada Yetu

Mada kuhusu uchangiaji wa fedha za kununua ardhi, iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika maadhimisho ya miaka 100 ya usharika



Baraza la Wazee limenipa jukumu la kuzungumza juu ya uchangiaji wa fedha za kununua ardhi. Kama mnavyofahamu, limeletwa mbele yetu pendekezo la kununua eneo kule tambarare, ambako wengi wa vijana wetu wamehamia, ili mtaa mpya unaosali katika darasa la kuazima upate mahali pake. Wengi wamelipokea pendekezo hilo kwa furaha. Hata hivyo limezua swali ambalo limeulizwa katika jumuiya zetu kwa nia njema kabisa. Swali lenyewe ni hili: kwa nini sisi tulio huku mlimani tutoe fedha kwa ajili ya ardhi ambayo hatutasali juu yake, na ambayo siku moja, mtaa ule utakapokua na kuwa usharika kamili, haitahesabiwa tena kuwa yetu?

Swali hilo linastahili kujibiwa kwa heshima. Nitalijibu kwanza kwa kutazama tulivyoipata ardhi tuliyo nayo, kisha kwa Neno la Mungu. Baada ya hapo nitasema juu ya namna ya kuomba fedha hizo, namna ya kuzitunza, na namna ya kuinunua ardhi yenyewe ili ibaki mikononi mwa Kanisa.

1. Karne ya kwanza tulipewa

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Mamba mwaka 1894. Katika mlima wetu hakuna aliyeweza kujenga bila ruhusa ya Mangi, na hakukuwa na ardhi isiyo na mwenyewe. Kila kihamba kilikuwa na ukoo wake, na kila mpaka ulikuwa na masale yake. Misheni ilipopata mahali pa kujenga nyumba, shule na kanisa, ilipata kwa mapatano na watawala wa mlima, na baadaye kwa taratibu za serikali ya Kijerumani. Kwa hiyo viwanja vingi vya sharika zetu za zamani havikununuliwa kwa sadaka za washarika. Vilitolewa, wakati mwingine kwa moyo mweupe, wakati mwingine kwa sababu aliyekuwa na amri aliamua hivyo. Ni vema tukumbuke kwamba mahali fulani nyuma ya utoaji huo ulikuwepo ukoo uliosogea ili sisi tupate nafasi.

Lakini ardhi peke yake haikuwa usharika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, na kufikia mwaka 1920 walimu na wazee wenyeji ndio walioachiwa kazi ya kuliongoza kundi. Hawakuwa na fedha nyingi, lakini mafundisho yaliendelea. Kisha kahawa ikaleta fedha mlimani. Chama cha kwanza cha wakulima wenyeji wa kahawa Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, Chama Kikuu cha Ushirika tunachokijua hadi leo. Kahawa ilisomesha watoto wetu na kuezeka makanisa yetu bati. Palipokosekana fedha palitolewa nguvu: akina mama wakabeba mawe na mchanga kichwani, akina baba wakapasua mbao.

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Katika mwaka huo huo nchi yetu ilifuta kwa sheria umiliki wa ardhi usio na ukomo uliorithiwa kutoka enzi za ukoloni, ukageuzwa kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99. Utawala wa Mangi nao ukafika mwisho katika miaka hiyo ya mwanzo ya uhuru. Tangu hapo hakuna mtu anayeweza kunyoosha fimbo na kusema, "Kanisa lichukue kuanzia hapa hadi kule."

Nasi tunajua hali ya vihamba vyetu. Baba aliyekuwa na kihamba kimoja alikigawa kwa wana wake, nao wakagawa tena kwa wana wao. Leo yapo maboma ambayo migomba yake inahesabika kwa vidole. Vijana wameshuka tambarare kwa sababu huku juu hapana pa kusimamisha nyumba, ingawa si kweli kwamba wameukataa mlima. Wanarudi Krismasi, wanarudi msibani. Lakini Jumapili za kawaida wako kule, na Kanisa halina budi kuwafuata waliko.

Haya yote nayasema ili tuone jambo moja. Karne ya kwanza tulipewa ardhi na watu ambao wengi wao hawakusali juu yake. Karne ya pili hatutapewa. Itatubidi kununua, na watakaofaidika zaidi si sisi.

2. Neno la Mungu juu ya kununua ardhi

Biblia inasimulia manunuzi kadhaa ya ardhi kwa makini ya kushangaza, kana kwamba mwandishi alikuwa karani wa ardhi. Nitataja matatu.

La kwanza liko katika Mwanzo 23. Ibrahimu amefiwa na Sara, naye ni mgeni katika nchi aliyoahidiwa. Wana wa Hethi wanamwambia achague kaburi lolote. Efroni anasema shamba na pango la Makpela ampe bure. Ibrahimu anakataa bure hiyo. Anapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote walioingia katika lango la mji, na maandiko yanataja shamba, pango, na hata miti iliyokuwa ndani ya mipaka pande zote. Alijua kwamba kilichotolewa kwa maneno ya msibani kinaweza kudaiwa baada ya msiba. Alinunua kwa bei kamili, mbele ya mashahidi, naye akazikwa humo, na Isaka na Yakobo wakazikwa humo.

La pili liko katika 2 Samweli 24. Daudi anataka kiwanja cha kupuria nafaka cha Arauna ili ajenge madhabahu. Arauna anataka kumpa mfalme kiwanja, ng'ombe na kuni bila malipo. Daudi anakataa kumtolea Bwana sadaka ambayo yeye mwenyewe hakuigharimia, naye analipa shekeli 50 za fedha. Hapa tunajifunza kwamba hata mfalme hakupaswa kumfanya jirani yake alipe sadaka ya mfalme. Kanisa linaponunua shamba la mtu kwa bei ya kumwonea kwa sababu ana shida, sadaka hiyo imetolewa na muuzaji.

La tatu liko katika Yeremia 32, nalo ndilo linalogusa swali letu zaidi. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli. Nabii yuko kifungoni katika uwanja wa walinzi, na yeye mwenyewe amehubiri kwamba mji utatekwa. Wakati huo ndipo anaponunua shamba la Hanameli, mwana wa ami yake, huko Anathothi, kwa shekeli 17 za fedha. Anaandika hati, anaitia muhuri, anaita mashahidi, na kumwagiza Baruku aiweke katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Kwa hesabu ya biashara hakuna ununuzi mbaya kuliko huo: shamba liko mikononi mwa adui na mnunuzi yuko gerezani. Lakini Yeremia hakununua kwa ajili ya mavuno yake. Alinunua kama ushuhuda kwamba Mungu atawarudisha watu, na kwamba nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile.

Basi jibu la swali letu ni hili. Kununua ardhi kwa ajili ya usharika ambao haujazaliwa ni namna ya kukiri imani. Ni kusema mbele ya watu kwamba Injili itahubiriwa hapa sisi tukiwa hatupo. Msharika anayesema, "Sitasali pale," anasema kweli. Lakini mjukuu wake atabatizwa pale. Na kama si mjukuu wake, ni mjukuu wa jirani yake.

3. Namna ya kuomba

Ndugu washarika, sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kuwa waangalifu tunapochangisha fedha. Kanisa letu lilizaliwa katikati ya ubishi juu ya uchangishaji. Mwaka 1517 Johann Tetzel alikuwa akizunguka Ujerumani akiuza vyeti vya msamaha, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya kujenga kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma. Martin Luther, katika hoja zake 95 za Oktoba mwaka huo, hakupinga ujenzi wa makanisa. Alipinga kuwauzia watu kile ambacho Mungu hukitoa bure, na alisema wazi kwamba mtu asiye na ziada anapaswa kutunza mahitaji ya nyumba yake kwanza. Aliona ni afadhali jengo lile kubwa liwe majivu kuliko kujengwa kwa kuwachuna waumini.

Kutokana na urithi huo napendekeza tukubaliane juu ya mambo manne ambayo hatutayafanya.

Kwanza, hatutazuia huduma yoyote ya Kanisa kwa sababu ya mchango wa ardhi. Ubatizo, Kipaimara, Meza ya Bwana, ndoa na maziko si bidhaa. Mzee wa kanisa asiende msibani na daftari la michango mkononi.

Pili, hatutasoma majina ya wasiotoa. Taarifa ya makusanyo itasomwa kwa jumla na kwa mtaa, na kila mtu ataona hesabu yake mwenyewe katika kadi yake.

Tatu, hatutauza heshima. Shekeli ya tajiri na senti mbili za mjane wa Marko 12 zinanunua udongo ule ule. Kwa hiyo pasiwepo kibao cha majina ya waliotoa zaidi, wala kiti cha mbele cha kudumu.

Nne, hatutaifanya harambee yetu kuwa jukwaa la siasa. Mgeni rasmi mwenye moyo wa kutoa tunamkaribisha kwa shukrani, hasa akitoa kama msharika mwingine yeyote. Lakini ardhi iliyonunuliwa kwa ahadi ya mtu mmoja anayetafuta kura hubaki na deni lisiloandikwa popote.

Wapo watakaosema kwamba bila kuweka kiwango cha lazima watu hawatatoa. Nawaelewa, kwa maana wamewahi kuona bahasha tupu. Hata hivyo ipo tofauti kati ya kodi na kipimo. Kodi humwambia mtu, "Usipotoa utaona." Kipimo humwonyesha ukubwa wa kazi na kumwachia dhamiri yake. Mtume Paulo katika 2 Wakorintho 8 na 9 hakuamuru. Alieleza haja, akataja mfano wa Wamakedonia waliotoa katika umaskini wao, kisha akaacha kila mtu aamue moyoni mwake bila kusukumwa. Waswahili nao husema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si bei ya eneo letu. Tuseme ardhi pamoja na gharama za upimaji, ada na usajili ni shilingi 60,000,000, na usharika una kaya 400. Kwa wastani ni shilingi 150,000 kwa kaya. Tukisema tutakusanya kwa miezi 30, ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Lakini kaya hazilingani. Tuseme kaya 100 za wajane, wazee na wasio na kipato zitoe shilingi 1,000 kwa mwezi: hizo ni 3,000,000. Kaya 200 zitoe 5,000 kwa mwezi: ni 30,000,000. Kaya 80 zitoe 7,500: ni 18,000,000. Kaya 20 zilizojaliwa zaidi zitoe 15,000: ni 9,000,000. Jumla yake ni 60,000,000 kamili. Katika mfano huu hakuna mtu mmoja aliyetoa mamilioni, wala hakuna aliyeuza mbuzi wake wa mwisho. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba kijulikane ukubwa wake tangu mwanzo.

Njia za kutoa ziwe nyingi, maana mikono yetu haifanani. Bahasha ya kila mwezi ibaki kuwa msingi. Mnada wa baada ya ibada uendelee, kwa kuwa mkungu wa ndizi, mayai na kuku ndiyo fedha ya bibi asiye na mshahara. Hata hivyo mwongoza mnada asigeuze kuku wa bibi kuwa mchezo wa kuwaaibisha wanunuzi. Walioko Dar es Salaam, Arusha na nchi za nje watoe kwa simu au benki, kupitia akaunti ya mradi na si simu ya mtu binafsi. Mwezi wa Desemba, watoto wetu wanaporudi nyumbani, tuwape taarifa kamili kabla ya kuwaomba chochote. Tena wapo watakaotoa nguvu: siku za kufyeka, kuchimba mashimo ya nguzo na kupanda miti mipakani. Kazi hiyo ihesabiwe na kuandikwa kama mchango.

Wala tusidhani kwamba watu wetu hawajui kuchangia jambo kubwa kuliko uwezo wao. Jirani zetu Wameru, ambao wengi wao ni Walutheri wenzetu, waliondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951 na serikali ya Kiingereza ili nafasi ipatikane kwa walowezi. Nyumba zao zilichomwa. Walichangishana fedha zao wenyewe, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini dunia ilisikia. Watu wanaojua maana ya ardhi hutoa, wakishajua fedha inakwenda wapi.

Tena tukumbuke Kutoka 36. Watu walileta vitu kwa ajili ya hema takatifu kupita mahitaji, na Musa akatangaza kambini kwamba waache kuleta. Nasi siku lengo litakapotimia tutangaze kanisani kwamba limetimia, na bahasha hiyo ifungwe. Mradi usio na mwisho huchosha hata wenye imani.

4. Namna ya kutunza

Katika 2 Wafalme 12 mfalme Yoashi aliagiza hekalu litengenezwe kwa fedha za sadaka, na hadi mwaka wa 23 wa utawala wake kazi ilikuwa haijafanyika. Dawa iliyopatikana haikuwa hotuba kali. Kuhani Yehoyada alichukua kasha, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja. Tangu hapo mafundi wakalipwa na nyumba ikatengenezwa.

Walutheri wa kwanza walilijua somo hilo. Mwaka 1523 wananchi wa mji wa Leisnig huko Saksonia, si mbali na Leipzig walikotoka wamisionari wetu, waliweka utaratibu wa hazina ya pamoja, na Luther akauandikia dibaji. Walichagua wasimamizi 10: wawili kutoka kwa wakuu, wawili kutoka baraza la mji, watatu kutoka kwa wakazi wa mjini na watatu kutoka kwa wakulima wa vijijini. Kasha lenyewe lilikuwa na kufuli nne tofauti, na kila kundi lilishika ufunguo wake. Mkulima wa kijijini akikosekana, kasha halifunguki. Jambo hilo nalipenda sana.

Basi kufuli zetu ziwe hizi. Fedha za ardhi ziwe na akaunti yake peke yake. Watia saini watoke sehemu tofauti: mhazini wa usharika, mwakilishi wa wanawake, mwakilishi wa vijana au wa mtaa mpya, na Mchungaji kwa niaba ya Baraza. Kila shilingi ipewe stakabadhi siku ile ile. Wanaohesabu sadaka wasiwe wawili wa nyumba moja. Hesabu isomwe kanisani kila mwezi na kubandikwa ubaoni: tulichokuwa nacho, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Fedha hizi zisiazimwe kwa mahitaji mengine, hata mahitaji mema kama paa linalovuja, bila uamuzi wa Mkutano Mkuu wa Usharika. Na tuamue leo, kabla ya kukusanya, fedha zitafanywa nini iwapo muuzaji atabadili nia au lengo halitafikiwa. Mtu akijua jibu hilo mapema hatakuwa na neno baadaye.

Paulo mwenyewe, alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakubeba peke yake. Aliambatana na ndugu walioteuliwa na makanisa, ili pasiwe na mtu wa kulaumu. Kama mtume aliona haja ya mashahidi, mhazini wetu asikasirike akiombwa daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na mhazini mwaminifu ndiye anayelindwa zaidi na daftari lake.

5. Namna ya kununua

Fedha zikishapatikana, kazi ngumu bado. Katika nchi yetu ardhi yote ni ya umma, iko mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kile tunachokiita kununua ni kuhamishiwa haki ya kumiliki na kutumia, pamoja na maendelezo yaliyopo juu yake. Sheria zinazotuongoza hasa ni Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Sitazieleza zote, ila nitataja mambo ambayo Kamati isiyaruke.

Ijulikane kwanza kama eneo ni ardhi ya kijiji au ni ardhi iliyopimwa yenye hati. Ikiwa ni ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji ihusishwe na kibali chake kipatikane. Ikiwa ina hati, ufanyike upekuzi kwa Msajili wa Hati, tujue mmiliki ni nani na kama imewekwa rehani.

Wanafamilia waulizwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda nyumba ya wanandoa isiuzwe na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Lakini sisi tusingoje sheria itulazimishe. Mke wa muuzaji aketi mezani na kusema kwa kinywa chake kwamba ameridhia, na wana waliokwisha kuwa watu wazima vivyo hivyo. Majirani wa pande zote nne waitwe watembee mpakani pamoja nasi. Mwacheni mzee wa ukoo aonyeshe isale lilipo, kisha mpima aweke jiwe lake.

Mapatano yawe kwa maandishi, malipo yapitie benki, na mashahidi wawepo. Na hati isiandikwe kwa jina la Mchungaji, wala la mzee wa kanisa, wala la mfadhili, hata kama ni mtu mwema kiasi gani. Mtu mwema hufa, na warithi wake huenda wasijue kwamba shamba lile halikuwa la baba yao. Iandikwe kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa wa Dayosisi, ambao kisheria ni mwili usiokufa wajumbe wake wanapobadilika. Hati halisi ihifadhiwe Dayosisi, na nakala zake zikae ofisini kwetu na katika mtaa mpya.

Tukiisha kununua, tutumie. Shamba lililoachwa bila dalili ya mwenyewe huvutia wavamizi, na sheria ya ukomo wa madai inatoa miaka 12 tu ya kudai ardhi mahakamani. Tupande miti mipakani mwaka ule ule, tujenge hata banda la kusalia na chumba cha chekechea.

Mwisho, tusinunue ardhi yenye machozi. Kama tutasikia kwamba eneo lina mgogoro wa ndugu, au mjane amefukuzwa ili liuzwe, tuliache, hata likiwa rahisi na zuri. Kisa cha Nabothi katika 1 Wafalme 21 kilikuwa na hati na mihuri ya mfalme na mashahidi walioletwa mbele ya watu. Karatasi zilikuwepo, haki haikuwepo. Kanisa likijengwa mahali kama pale, mahubiri yake yatasikika kwa shida kwa wale wanaojua habari.

Hitimisho

Baba Askofu, ndugu washarika, naomba tutoke hapa na maamuzi matatu: kuikubali kazi hii kwa ajili ya mtaa mpya, kuichagua Kamati ya Ardhi ambayo ndani yake watakuwemo wanawake, vijana na wakazi wa tambarare wenyewe, na kuyaweka masharti ya kuomba na kutunza katika maandishi kabla ya kupokea shilingi ya kwanza.

Siku itakuja ambapo mtaa ule utaomba kuwa usharika. Siku hiyo tusihuzunike kama mtu aliyepoteza mali. Mama hamdai mwanawe gharama za kumlea anapojenga mji wake. Tuwakabidhi hati, ramani, na daftari la michango lenye majina yetu yote, makubwa kwa madogo, bila mpangilio wa fedha. Watakapoadhimisha miaka yao 100 watalifungua na kuona kwamba waliotoa hawakuwa matajiri, na kwamba hakuna aliyelazimishwa. Hapo watajua ni ardhi ya namna gani wanayosimama juu yake, na jinsi inavyowapasa kuitumia.

Mungu aliyewatunza wazee wetu kwa miaka 100 aibariki mikono yetu.